Utitiri Ndani ya Tangi

Mke wangu alinipigia simu nikiwa nimelala kifudifudi nyuma ya friji ya mteja, bisibisi nimeibana kwa meno.

"Baba watoto, dada yako amefika."

"Dada yupi?"

"Kwani una dada wangapi wanaokuja bila taarifa? Dada Mkubwa. Nimemkuta kakaa mlangoni na begi lake na jogoo kamfunga miguu. Nimemfungulia, nimemwekea chai, nimerudi saluni. Kuna mtu nimemwacha na dawa kichwani."

"Umemwacha wapi?"

"Si nimekwambia saluni?"

"Dada! Dada umemwacha wapi?"

"Sebuleni. Ulitaka nimweke darini?"

Bisibisi ikaanguka.

"Umemwambia habari ya samaki?"

Nikasikia kikausha nywele kikivuma upande wa pili.

"Karatasi si umebandika?" akasema.

Karatasi nilibandika, ndiyo. Maandishi makubwa, kalamu nyekundu: USIGUSE, USIGONGE, USILISHE, USIITE WENZAKO. Lakini Dada Mkubwa hajawahi kuzuiwa na karatasi. Huyu ni mtu aliyewahi kumtoa daktari nje ya wodi kwa sababu viatu vyake vilikuwa na matope.

Nikampigia. Simu yake huwa anaizima ili chaji isiishe. Nikakusanya zana zangu, nusu mkobani, nusu mifukoni. Mwenye friji, mama mmoja mpole wa makamo, akanitazama.

"Fundi, na nyama zangu?"

"Mpelekee jirani akuhifadhie, mama. Narudi."

"Saa ngapi?"

"Mama, nyumbani kwangu kuna watu mia tatu wanataka kufa."

Akajishika kifua. Sikuwa na muda wa kumfafanulia.

Nieleze sasa, maana mtaani kila mtu ana hadithi yake. Samaki wenyewe wanaitwa diskasi. Ni duara, bapa kama sahani iliyosimamishwa kwa ukingo, rangi ya chungwa na michirizi ya buluu, na jicho jekundu linalokukagua kama mkwe. Niliwapata sita kwenye ofisi niliyokuwa nahudumia viyoyozi. Ofisi ilihama, samaki wakaachwa pamoja na mapazia. Nikawabeba kwa ndoo, sikujua kwamba nimebeba wafalme. Wanataka maji ya nyuzi thelathini, yakishuka mbili tu wananuna. Wanataka maji yaliyolala kwenye pipa siku nzima yakipulizwa hewa mpaka dawa ya bomba iishe. Wanataka moyo wa ng'ombe uliosagwa. Mke wangu anasema moyo wake yeye sijawahi kuuhangaikia hivyo. Na wanataka utulivu, kitu ambacho nyumba yangu haijawahi kuwa nacho. Nyumba yangu ni stendi. Anayetaka kutazama mpira anakuja kwangu, aliyegombana na mkewe anakuja kwangu, na hata asiye na shida anakuja kuulizia wenye shida wamefikia wapi. Mimi ndivyo ninavyopenda. Nyumba isiyo na viatu kumi mlangoni naiona kama ya msiba uliokosa watu.

Wawili kati ya wale sita wakapendana, wakaanza kutaga. Mara ya kwanza mayai yakaota ukungu. Mara ya pili wakayala. Mara ya tatu timu yetu ikafunga goli, sebule nzima ikaruka, na samaki kwa hofu wakayala tena. Mara ya nne yalianguliwa, hita ikaharibika, wote wakafa kwa baridi. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, tunayemwita Redio kwa sababu habari anazipata kabla hazijatokea, akatangaza mtaa mzima: "Fundi wa baridi kashindwa na joto!" Mpaka watoto wa shule wakawa wananiimbia.

Mara ya tano nikafunga mlango. Wale samaki wanne wengine nikawahamishia kwenye tangi dogo chumbani. Nikahamishia runinga chumbani, wapenda mpira nikawafukuzia kwa Redio. Siku tisa nyumba yangu ilikuwa kimya mpaka nikawa nasikia saa ya ukutani. Na mayai yakaanguliwa, vifaranga kama mia tatu, kila mmoja mwembamba kama kope ya jicho. Siku ya saba wakaanza kuogelea, wakaenda moja kwa moja kwa wazazi wao na kujibandika ubavuni.

Hapa ndipo penyewe. Diskasi hawawatafutii watoto wao chakula. Wao wenyewe ndio chakula. Ngozi yao hutoa ute mzito, na vifaranga huutafuna huo usiku na mchana, wameganda pale kama vumbi lenye macho. Ngozi ya mzazi huchubuka, hupauka, huonekana kama ya mgonjwa. Lakini bila ule ute hakuna kifaranga atakayeiona wiki ijayo. Hakuna maziwa ya kopo ya samaki.

Na Dada Mkubwa ni mfuga kuku.

Nilipokuwa juu ya pikipiki ndipo nilipoliunganisha hilo, na nikaanza kutukana peke yangu barabarani mpaka mtu wa kando akadhani ni yeye. Dada ana kuku mia na zaidi. Adui yake mkubwa duniani si mwewe wala mwizi, ni utitiri, vile vidudu vidogo vinavyomganda kuku anayeatamia, ambaye hatoki kwenye mayai hata akinyonywa damu mpaka afe palepale. Dada akiona doa linalotembea juu ya kiumbe, halali.

Nikaingia bila kuvua kofia ya pikipiki. Nikamkuta Dada amekunja mikono ya gauni mpaka kwenye mabega, kitambaa amejifunga kiunoni. Juu ya meza ya kahawa kulikuwa na beseni la kufulia, na ndani ya beseni, wamelala upande upande, wafalme wangu wawili. Dada mwenyewe alikuwa amesimama juu ya stuli mbele ya tangi, kifuniko ameshakitoa, mkono mmoja ameshika chupa ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe.

"Dadaaa!"

Aligeuka polepole, kama mtu aliyekatizwa kwenye kazi halali.

"Afadhali umekuja. Hivi wewe huoni? Samaki wanaliwa wazima wazima, umebandika karatasi tu! Nimewatoa. Huyu jike nimempangusa kwa kitambaa, utitiri wote umetoka na ule uchafu wa kunatanata. Dume ni mkorofi, amenipiga maji ya uso. Sasa namwagia dawa kidogo humu, tuue vizazi vyote."

"Shuka."

"Nini?"

"Dada, weka chupa chini. Shuka."

Sauti yangu ilikuwa ya chini sana. Ningeipandisha kidogo tu, isingerudi. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kumpandishia Dada Mkubwa sauti. Mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka minne, yeye kumi na tatu, na nyuma yangu kulikuwa na mapacha wachanga. Aliacha shule siku hiyohiyo. Kwa hiyo ukimkasirikia, unameza. Nimemeza hasira zangu kwa Dada miaka thelathini na nne, tumbo langu ni ghala.

Akashuka. Nikaichukua ile chupa, nikaitupa nje ya dirisha. Nikatumbukiza mkono kwenye beseni: maji baridi. Kwa bahati tu alichota kwenye pipa langu, si bombani. Angechota bombani tungekuwa tunachimba kaburi. Vifaranga walikuwa wamejikusanya kwenye kona karibu na hita, wingu jembamba la kijivu, wanagusagusa kioo, wanagusagusa bomba la hita, wanatafuta ubavu wa mtu.

"Hao si utitiri," nikasema. "Ni watoto wao."

Dada akainama, akatazama. Akatazama tena.

"Watoto gani wanamla mama yao?"

Kuwarudisha wazazi ghafla kutoka kwenye baridi hadi kwenye joto kungewaua, kwa hiyo nilijaza maji moto kwenye chupa mbili za soda, nikaziegesha ndani ya beseni, nikashika kipimajoto na kusubiri. Ishirini na nne. Ishirini na tano. Sijawahi kuona zebaki mvivu namna ile. Kichwani nilikuwa naandika hotuba. Hotuba nzima, yenye vifungu: kuhusu watu wanaoingia nyumba za wenzao na kupanga upya makabati, kuhusu siku aliyonichagulia shule, akanichagulia ufundi, akataka kunichagulia na mke, kuhusu jogoo, ambaye wakati huo alikuwa anawika jikoni, na kila akiwika samaki wanashtuka.

Mke wangu akaingia mbio, aproni ya saluni ina madoa ya rangi. Akaniona, akaliona beseni, akamwona wifi yake.

"Mungu wangu. Wamekufa?"

"Bado," nikasema. "Asante kwa kumwekea chai."

"Usinianze. Mimi nilikuwa na mtu anaungua kichwa."

"Wifi, hana haja ya kukusema wewe," Dada akasema. "Aniseme mimi. Tangu aingie amevimba kama andazi, hasemi. Sema, mdogo wangu. Mimi si samaki, sitakufa."

Nikameza. Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Nikawabeba kwa viganja, mmoja mmoja, nikawaachia tangini.

Dume alizama mpaka chini, akatulia, akatikisa mapezi. Lile wingu la kijivu likamwona. Nakuapia, lilimwona. Likanyooka kama moshi uliopata upenyo, likamfuata, na kwa muda wa kuhesabu hadi kumi ubavu wake wote ukajaa. Nilitaka kulia. Wengine wakaenda kwa jike, wakagusa ile ngozi iliyopanguswa, wakakosa, wakagusa tena. Jike akawa anajitikisa. Kila wakimgusa anajitikisa. Lakini hakuwa amefanya baya lolote. Zingepita saa mbili za kimya, ute wake ungeanza kurudi, na mimi leo ningekuwa nasimulia hadithi nyingine.

"Umeona?" Dada akasema. "Hataki. Mwenyewe anakwambia hataki."

Basi ghala likapasuka.

"Nani kakuuliza?" Nilisikia sauti yangu ikigonga dari. "Nani kakuuliza, Dada? Kila unapoingia lazima uokoe kitu! Hukuitwa! Samaki wangu, tangi langu, sebule yangu, siku tisa sijakaa na rafiki, siku tisa naishi kama mtawa, umekuja siku moja na kitambaa chako cha vyombo!"

"Baba watoto," mke wangu akasema.

"Niache! Miaka yote mnaniambia nyamaza, ni Dada Mkubwa. Mkubwa wa nini? Hajui kitu kuhusu samaki, hajui, lakini hawezi kukaa na mikono yake mapajani hata nusu saa! Ungeuliza! Mdomo unao!"

Dada hakurudi nyuma hata hatua moja. Alinisogelea mpaka nikasikia harufu ya kuku nguoni mwake.

"Nimemwona mama kakonda, ngozi imetoka, wamemganda pande zote, na hana pa kukimbilia, vioo vinne," akasema. "Ningekaa ninywe chai? Mimi? Wewe ulinila mpaka miaka yako kumi na tisa. Wenzako wakanila. Viatu vyako vya shule vilikuwa ngozi yangu hii. Hakuna aliyeingia sebuleni akaniambia dada, kaa hapa pembeni kwenye beseni upumzike. Hakuna! Mnapita mnasema oh, Dada Mkubwa, ana moyo, Dada Mkubwa!"

"Sikukuomba!"

"Ulikuwa na miaka minne! Ulikuwa unaomba kila siku, tena kwa kelele!"

Mkono wangu ukatafuta kitu cha kupiga. Nikapiga kilichokuwa karibu. Kilichokuwa karibu kilikuwa stendi ya tangi.

Sikupiga kioo. Nilipiga ubao wa stendi, kwa kiganja, mara moja. Maji yakaruka juu, kifuniko kikagonga. Wale samaki wawili wakakurupuka kama waliopigwa umeme, dume akajibamiza kwenye kioo cha nyuma, vifaranga wakamwagika kutoka ubavuni mwake, wakatawanyika tangi zima.

Dada ndiye aliyeona kwanza.

"Anakula," akasema. Sauti ya hasira ilikuwa imemtoka yote. "Mdogo wangu, anakula. Jike anakula."

Alikuwa anakula kweli. Wala hakuwa na haraka. Alizunguka tangi akiwaokota mmoja mmoja, anafungua mdomo, anafunga, kama mtu anayekusanya makombo mezani baada ya wageni. Walikuwa wanamkimbilia wenyewe. Wanamwona mama, wanamkimbilia.

Nilisimama pale. Mikono yangu inayofungua kompresa bila kutazama ilisahau kazi yake.

"Zima taa!" mke wangu akasema.

"Usizime! Watampoteza baba yao," nikasema kwa kunong'ona, sijui kwa nini nilianza kunong'ona wakati huo, nilipaswa kunong'ona dakika kumi kabla. "Lete shuka la kitanda. Tuwafunike wasituone, watatulia."

Akatoka mbio na kurudi na shuka. Nikalirusha juu ya tangi lakini lilikuwa linateleza upande wa mbele, na vibanio vyote viko nje kwenye kamba. Dada akashika ncha mbili bila kuambiwa, akazinyanyua juu ya kichwa, akasimama amezibana kwenye ukingo wa kioo. Mke wangu akaenda jikoni. Nikasikia jogoo akitolewa nje kwa mlango wa nyuma, akipinga.

Hapo ndipo Redio alipofungua mlango wa mbele, bila hodi kama kawaida.

"Jamani, kelele hizo ni za nini, mpaka kwangu mpira hatusikii..."

Nilimnyooshea kidole kimoja tu. Sijui uso wangu ulikuwaje. Mtu ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe alifunga mdomo, akafunga na mlango, taratibu, mpaka kitasa kikalia tiki.

Tukakaa kimya. Nusu saa, labda zaidi. Sikumwangalia Dada na yeye hakuniangalia. Nilikuwa nasikia pumzi yake, na pampu ya hewa. Na nisidanganye, hasira haikuondoka. Ilibadilisha tu kiti. Nilikuwa na hasira na kitambaa chake, na hasira na kiganja changu, na hasira na ile "kwa kelele" yake, kwa sababu nilijua ni kweli na hakuna aliyewahi kunisomea hesabu hiyo kabla.

"Wamebaki wangapi?" akanong'ona.

"Usiniulize."

"Nauliza."

Nikainua pembe ya shuka kidogo, upana wa jicho. Dume alikuwa katikati, amesimama wima bila kutikisika, na ubavuni pake kulikuwa na doa la kijivu linalopumua. Si mia tatu. Nikajaribu kuhesabu, nikafika thelathini na kitu, wakasogea, nikapoteza. Jike alikuwa nyuma ya chungu cha kutagia, uso ukutani, peke yake, mapezi ameyakunja.

"Thelathini," nikasema. "Arobaini ukiwa na imani."

"Wako kwa nani?"

"Kwa baba."

"Na baba naye wanamla?"

"Wanapokezana. Huyu akichoka anajitikisa, wanahamia kwa mwenzake. Ndivyo walivyo. Ungeniuliza ningekwambia."

"Wanapokezana," akarudia, na akatoa kicheko kifupi kisicho na furaha hata tone. "Kumbe kuna wanaopokezana."

Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa na maneno mawili matatu, hata samahani ilikuwamo, lakini yote yalikuja yamechanganyika na matusi, nikashindwa kuchambua. Nikatazama mikono yake. Ilikuwa juu ya kichwa muda wote ule, na ilikuwa inatetemeka kuanzia kwenye viwiko, na shuka lilikuwa linatetemeka nayo, na kwenye ile pembe niliyoinua nikaona dume ameanza kugeuka kutazama kile kinachotetemeka.

"Nipe nishike," nikasema.

"Usiniguse. Bado nina hasira na wewe."

"Hata mimi. Nina hasira na wewe mpaka kichwa kinauma."

"Vizuri."

"Dada, shuka linatikisika. Dume naye atawala watoto."

Akafikiria. Kisha akasogea hatua moja kushoto, akaachia ncha moja tu.

"Shika hiyo," akasema. "Hii yangu niachie."